Mishiri yangu, glavu za dada yangu, na masharti ya Ulaya

Jumamosi nilialikwa kuongea na majirani hapa Kiamunyi, kwenye kile kikao chetu cha kuelezana mambo yanayozungushwa kwenye midahalo ya siasa. Kikao kina sheria moja: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Wengi waliniomba niandike nilichosema. Haya basi. Nimekata vipande ili isomeke kwenye simu.

1.
Wazee wangu, kina mama, vijana, hamjambo. Mada niliyopewa ni hii: Ulaya ikitununulia maua na mboga, kwa nini inatuletea pia masharti kuhusu dawa, wafanyakazi, miti na haki za watu? Na sisi tunaouza tunayaonaje?

Kwenye redio mmesikia majibu mawili. Mmoja anasema huo ni ukoloni mamboleo. Mwingine anasema bila soko la Ulaya, Naivasha italala njaa. Wote wawili wanapigiwa makofi, mara nyingine na watu wale wale. Mimi si mchumi, nilikuwa mwalimu. Nitaanza na shamba langu, kwa sababu hapo ndipo nilipolielewa jambo hili.

2.
Mwaka 2013 nilikuwa na nusu ekari ya mishiri kule Bahati. Mnajua mishiri, yale maharagwe mabichi membamba ambayo sisi wenyewe hatukuwa tunayala sana. Tulipanda kwa ajili ya ndege. Broka alikuja na pikapu mara mbili kwa wiki, anapima, anaandika, anaondoka.

Siku moja akanipigia simu: "Mwalimu, mzigo wako umekataliwa." Nikauliza, umeoza? Akasema hapana, uko na dawa. Nikamwambia, kwani mboga gani haina dawa?

Kumbe mwaka huo Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza kukagua asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya, kwa sababu mabaki ya dawa inayoitwa dimethoate yalikuwa yakipatikana juu ya kiwango. Wanunuzi wakaingiwa na hofu, wakaanza kupima mzigo hapa hapa kabla haujapanda ndege. Wangu ukaanguka mtihani.

Hiyo dawa niliinunua dukani, mchana kweupe. Aliyeniuzia aliniambia kitu kimoja tu: "Hii inamaliza kila kitu." Hakunieleza ni siku ngapi nikae baada ya kupiga dawa ndipo nivune. Na mimi, mwalimu mzima, sikusoma karatasi.

3.
Jioni hiyo nikampigia dada yangu mkubwa nimwagie hasira. Yeye alikuwa kwenye shamba la maua Naivasha tangu miaka ya 1990. Nikawatukana Wazungu mpaka nikachoka. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Hao unaowatukana ndio walioniletea glavu."

Akanikumbusha nilichokuwa nimesahau. Miaka ya mwanzo walikuwa wakiingizwa kwenye zile nyumba za plastiki kukata waridi wakati dawa bado mbichi kwenye majani. Alikuwa akija nyumbani Krismasi macho mekundu, ngozi ya vidole inabanduka, mama anampaka mafuta ya kupikia. Mwenye mimba alificha tumbo mpaka lishindikane kufichwa, kwa maana likionekana, kazi iko hatarini.

Baadaye wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuleta wakaguzi wenye orodha. Vibao vikawekwa mlangoni: dawa imepigwa saa fulani, usiingie kabla ya saa fulani. Glavu zikaja, bafu likajengwa, likizo ya uzazi ikaanza kuandikwa kwenye karatasi. Nikamuuliza, lakini si sheria ya Kenya ilikuwapo? Akanijibu, "Ilikuwapo Nairobi. Haikuwahi kufika getini."

Kwa hivyo tazameni. Baba mmoja, mama mmoja, masharti ya bara lile lile. Mimi yameninyang'anya pesa ya karo, yeye yamemwokoa mikono. Ukija kwetu kuuliza "familia yenu inaonaje Ulaya?", utapata majibu mawili na yote ni ya kweli.

4.
Sasa tutenganishe mambo, kwa sababu kwenye midahalo yote yanatupwa kwenye sufuria moja.

Kuna sheria za afya na wadudu. Hizi hutoka kwa Umoja wenyewe, nchi 27 zenye watu karibu milioni 450. Kiwango cha dawa kwenye mboga ni hapa. Nondo anayejificha ndani ya waridi pia ni hapa. Tangu Aprili 2025 waridi zinazoingia huko zina masharti makali zaidi kwa sababu ya yule mdudu.

Halafu kuna masharti ya supamaketi. Haya si sheria ya serikali yoyote. Mwaka 1997 maduka makubwa ya Ulaya yalianzisha utaratibu wao wa kukagua mashamba, ukaitwa EurepGAP, na mwaka 2007 ukabadilishwa jina kuwa GlobalGAP. Huna cheti, hununuliwi. Mkulima wa nusu ekari hakumchagua mwenye duka na hana mahali pa kumshtaki.

Mwisho kuna maadili yanayoandikwa kwenye mikataba: haki za wafanyakazi, mazingira, tabianchi, haki za binadamu. Kenya na Umoja wa Ulaya walitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Bidhaa zetu zinaingia kwao bila ushuru. Sisi tunafungua soko letu polepole, kwa muda unaofika hadi miaka 25, na bidhaa nyingine tumezikinga. Ndani yake kuna sura nzima kuhusu kazi, mazingira na tabianchi.

Mtu akisimama jukwaani akasema "masharti ya Wazungu", muulize: masharti yapi kati ya hayo?

5.
Majirani zetu wanaonaje? Hapa ndipo utaona kwamba macho hutegemea mfuko.

Mkataba ule ulitakiwa kuwa wa Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Mazungumzo yalichelewa, na tarehe 1 Oktoba 2014 Kenya ikaanza kutozwa ushuru Ulaya. Kwa maua ulifika mpaka asilimia 8.5. Majirani hawakuguswa. Kwa nini? Kwa sababu wao wamo kwenye orodha ya nchi maskini zaidi duniani, na hizo huingia bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Sisi hatumo. Ushuru uliondolewa Krismasi ya mwaka huo, baada ya mazungumzo kukamilika.

Septemba 2016 Kenya na Rwanda wakasaini. Tanzania ikakataa, na Novemba mwaka huo Bunge lake likapinga, kwa hoja kwamba viwanda vichanga vitamezwa na bidhaa za Ulaya. Burundi nayo ilikuwa imesimamishiwa misaada ya moja kwa moja na Umoja huo mwezi Machi, kwa ajili ya haki za binadamu. Hebu jiweke mahali pao: mtu amekufungia mkoba Machi, Septemba anakuletea kalamu usaini.

Sisi tulisema Tanzania inatuchelewesha. Tanzania ilisema Kenya inakimbilia maua yake. Nani alikuwa mwongo? Hakuna. Kila mmoja alisema kile kilicho kwenye shamba lake.

6.
Nenda Uganda. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Tanga, zaidi ya kilomita 1,440, likitaja watu waliohamishwa na hatari kwa mazingira. Kampala walikasirika. Wakasema hiyo ni kuingilia nchi huru.

Na mwaka huo huo wa 2022, baada ya vita vya Ukraine, nchi za Ulaya zilikuwa zinazunguka Afrika zikitafuta gesi, na Ujerumani ikawasha tena mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa pembeni. Mtu wa Hoima akiyaweka mambo hayo mawili pamoja, atakuambia nini? Atakuambia maadili ya Ulaya yana saa ya kuamka na saa ya kulala.

Lakini yule mwenye shamba lililopitiwa na bomba, aliyengoja fidia muda mrefu, anaweza kuwa alifurahi kwamba kuna mahali duniani jina la kijiji chake lilitajwa. Huyo hakuulizwa kwenye mdahalo. Wanaoulizwa ni wale wenye maikrofoni.

7.
Turudi karibu. Subukia, Solai, Bahati, kuna watu wa kahawa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria kwamba kahawa isiingie kama imetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Lazima ionyeshe ilikotoka, mpaka vipimo vya mahali shamba lilipo. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini sheria ipo.

Mzee wa miti mia mbili ya kahawa anauliza: mimi kahawa hii alipanda baba yangu, msitu gani nimekata? Ni kweli. Lakini lazima athibitishe. Nani atakuja na simu ya kuchukua vipimo? Nani atalipa? Chama cha ushirika kitakata kwenye malipo yake? Zile takwimu za shamba lake zitakaa kwa nani?

Si sisi peke yetu tunaolalamika. Indonesia na Malaysia, wauzaji wakubwa wa mafuta ya mawese, waliilalamikia sheria hiyo mpaka Brussels. Hakuna aliyesema misitu ikatwe. Walichosema ni kwamba umeandika mtihani peke yako, ukasahihisha peke yako, halafu ada ya mtihani nilipe mimi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kidonda kilipo. Watu wengi wa huku hawapingi kanuni yenyewe. Wanaumia kwa sababu hawakukaa mezani ilipoandikwa, na gharama ya kuthibitisha imewekwa kwa mnyonge kuliko wote kwenye mnyororo.

8.
Kuna na unafiki, tusifiche. Dimethoate iliyoniangusha mimi, Ulaya yenyewe ilikuja kuiondolea kibali mwaka 2019. Vizuri. Lakini dawa nyingine ambazo mkulima wa Ulaya amekatazwa kupiga shambani kwake bado zimekuwa zikitengenezwa huko na kusafirishwa kuuzwa nchi kama zetu. Oktoba 2020 Tume ya Ulaya iliahidi kushughulikia jambo hilo. Ufaransa ilijitungia sheria yake, ikaanza kukataza mwaka 2022. Lakini ahadi ya Umoja mzima imekokota miguu.

Kwa hivyo dawa inatoka kwao kwa meli, inaingia kwetu, inapigwa kwenye mboga, mboga inapanda ndege, inafika kwao, inakataliwa kwa sababu ina dawa. Mkinicheka sitawalaumu, mimi mwenyewe nilicheka. Pesa ya dawa walipata, hasara ya mboga nikapata mimi.

9.
Hapo ndipo husimama mtu akasema: "Twende kwa wengine ambao hawatuulizi maswali." Makofi!

Haya. Uchina ilipokubali parachichi yetu mwaka 2019, ilitaka iliyogandishwa tu, imemenywa. Ilikaa mpaka 2022 ndipo mabichi ya kwanza yakaenda, baada ya mashamba na vituo vya kupakia kukaguliwa na kusajiliwa. Masharti! Kila mnunuzi ana masharti. Tofauti ni kwamba huyu anauliza kuhusu mdudu, hakuulizi mvunaji analipwaje. Wengine wetu huita hiyo heshima. Dada yangu haiiti hivyo.

10.
Sasa nifike kwenye kitu ambacho sikutaka kukisema, lakini nilijiahidi nitakisema.

Ile mishiri iliyokataliwa, mnajua ilienda wapi?

Haikumwagwa. Nilikuwa na karo ya mtoto na deni la chama. Nilikodi pikipiki, nikapeleka kreti zote Nakuru, soko la Wakulima, kabla jua halijatoka. Nikauza kwa bei ya kutupa. Kina mama walinunua, wakashukuru, wakasema mwalimu leo umetusaidia. Wakazikatakata, wakafunga kwenye mifuko midogo, zikaenda mitaani. Labda zilifika kwenye sahani yako. Nyingine zilibaki nyumbani kwangu, tukala.

Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ziko na dawa. Niliambiwa kwa simu, kwa Kiswahili, nikaelewa. Na hakuna mtu hata mmoja kutoka pale Bahati mpaka sokoni aliyenisimamisha kuniuliza.

Miaka mingi niliposimulia hadithi hii niliishia pale kwenye Wazungu walionikatalia. Hiyo sehemu ya pikipiki niliiruka. Na nikisikiliza midahalo yetu, naona nayo huiruka. Tunabishana kwa hasira kama Mjerumani ana haki ya kukataa mboga yenye dawa. Swali la kwa nini mboga hiyo hiyo ikirudi Nakuru ni halali halina mtu wa kulipigia makofi.

11.
Kwa sababu, ndugu zangu, kanuni hii si ya Ulaya. Fungua Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 41, kila mfanyakazi ana haki ya mazingira mema ya kazi. Cha 42, kila mtu ana haki ya mazingira safi. Cha 43, chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Cha 46, mnunuzi ana haki ya kulindwa afya na usalama wake. Tuliipigia kura wenyewe, wengine mlipanga foleni alfajiri. Tuna hata kiwango chetu cha kitaifa cha kilimo cha maua, matunda na mboga, kinaitwa KS 1758.

Ni yetu. Inaonekana ya kigeni kwa sababu anayeitekeleza peke yake ni mgeni, na anaitekeleza kwa ajili ya tumbo la mtoto wake, si la wako. Mzigo wa ndege unapimwa. Mzigo wa pikipiki haupimwi.

Na angalia tulikotoka. Hii Nakuru ilikuwa ndiyo makao ya pareto. Molo, Njoro, mpaka kule juu, maua meupe kila mahali, na kiwanda kiko hapa mjini. Kuna wakati Kenya ndiyo iliyoongoza dunia kwa pareto. Ni dawa ya wadudu inayotokana na ua, haidumu muda mrefu kwenye majani. Zao likaanguka, na wajukuu wa wakulima wa pareto leo wanapanga foleni dukani kununua dawa kali zilizotoka ng'ambo. Hilo halikuandikwa Brussels.

12.
Basi mdahalo mwingine ukija, mgombea yeyote akitaja "masharti ya Ulaya", kwa kuyasifu au kuyalaani, mwulizeni mambo matatu.

La kwanza: unasema sharti lipi, la serikali, la duka au la mkataba? Akishindwa kutenganisha, hajalisoma.

La pili: gharama ya kuthibitisha ataibeba nani, na utakwenda kupigania nini ili isimwangukie mwenye nusu ekari? Hapa ndipo kuna kazi ya kweli ya kiongozi. Kwenda mezani mapema sheria ikiandikwa, kuliko kulia uwanja wa ndege.

La tatu, na hili msimwache alikwepe: mboga ya kwenda Ulaya inapimwa, ya Wakulima itaanza kupimwa lini, na pesa iko kwenye bajeti ipi?

13.
Nilipomaliza, kijana mmoja nyuma akainua mkono. "Mwalimu, umezunguka sana. Wewe mwenyewe uko upande wa Ulaya ama upande wetu?"

Nikamwambia ukweli. Bado nina hasira na wao. Walinikatalia mzigo bila kunifundisha, na dawa iliyonikosesha pesa walikuwa wameiacha iuzwe dunia nzima. Mtu akienda Brussels kuwaambia hivyo, nitamchangia nauli. Lakini siku ile ya pikipiki hakukuwa na Mzungu barabarani. Nilikuwa mimi.

Kisha mama mmoja anayeuza mboga hapa stejini, ananijua miaka, akauliza polepole: "Mwalimu, 2013 hiyo... mimi nilikuwa nanunua Wakulima kila asubuhi."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwambia, pole mama. Akaniambia, haya, tumesikia, sasa tuambie hiyo karatasi ya dawa inasomwaje. Tukakaa nusu saa zaidi, watu wakaleta chupa kutoka nyumbani, tukazisoma moja moja: siku saba, siku kumi na nne, siku ishirini na moja. Wengi walikuwa hawajawahi kuzisoma.

Jumamosi ijayo mwenye chupa nyumbani aje nayo.